Koko, Hii Ni Nini?

Labda unasoma kijitabu hiki ukiwa umeketi kwenye benchi la hospitali, na mjukuu wako amelala mapajani mwako. Mama yake amekwenda sokoni kuuza sombe, au amevuka mto kwenda Lubunga, na wewe babu au nyanya ndiwe uliyemleta. Usiku mwili wake ulikuwa moto. Munganga ametoa tone la damu kidoleni mwake, akatazama, akasema, "Ni malaria." Tena akasema maneno yale uliyoyasikia mara nyingi: "Ni mbu. Mlaze mtoto ndani ya chandarua."

Umeitika, "Ndiyo." Lakini moyoni unajiuliza. Mbu wamekuuma tangu utoto wako, nawe u mzima. Tena umeona watu wanaolala ndani ya chandarua na homa ikawapata. Kwa nini uamini? Hilo si swali la mtu mjinga. Ni swali jema, nasi hatutaki ulitupe hapa mlangoni. Lichukue mpaka nyumbani. Mtoto akiisha kupona na kupata nguvu, twaa chupa, umwite, mkatafute jibu pamoja kwa macho yenu wenyewe.

Kwa nini tunawaambia ninyi wazee? Baba na mama wana shughuli nyingi. Baba yuko njiani na pikipiki yake tangu alfajiri, mama yuko sokoni au shambani. Wewe uko barazani, na mtoto yuko miguuni pako. Yeye ana maswali mia kwa siku: "Koko, hii ni nini? Koko, kwa nini iko hivi?" Nawe una kitu ambacho shule haiwezi kumpa, maana umeutazama mto huu na msitu huu tangu ulipokuwa mdogo kama yeye.

Mmepata kwenda kuwatazama wavuvi wa Wagenia? Wako kwenye maporomoko ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma, palepale mto unapoacha jina la Lualaba na kuitwa Kongo. Wamesimamisha miti mikubwa juu ya mawe, wameifunga kwa kamba za msituni, na humo wametundika vikapu vikubwa, vipana mdomoni na vyembamba nyuma. Nguvu ya maji inamsukuma samaki ndani, naye hawezi kurudi. Mtoto wa huko hujifunza kazi hiyo kwa kukaa karibu na mkubwa, kutazama mikono yake, na kuuliza. Shule tunayoisema katika kurasa hizi ni ya namna hiyohiyo.

Waliotazama kabla yetu

Msidhani kutazama ni kazi ya watoto tu. Mwaka 1904 waganga wawili, Joseph Dutton na John Todd, walifika katika mji huu huu wa kwetu. Wakati ule Wazungu waliuita Stanleyville. Jina la Kisangani liliwekwa rasmi mwaka 1966. Walikuwa wametumwa na shule ya Liverpool, Uingereza, inayochunguza magonjwa ya nchi za joto. Palikuwa na homa ya ajabu. Mtu anakuwa moto siku chache, kisha anapoa, anadhani amepona, kisha homa inamrudia. Katika sehemu nyingi za Afrika wenyeji walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ugonjwa wa namna hiyo unaletwa na papasi, yule mdudu wa nyufa za nyumba ambaye wengi kwetu humwita kimputu. Hata Livingstone aliandika habari za ubaya wa kuumwa na papasi katika kitabu chake cha mwaka 1857.

Basi Dutton na Todd hawakusema "ni uongo," wala hawakusema "ni kweli." Waliwatwaa papasi na kuwaacha wawaume kima. Kima wakaugua homa ileile. Wakaona pia kwamba papasi wachanga, waliotoka katika mayai ya mama mwenye ugonjwa, nao wanauambukiza. Kazi hiyo iliwagharimu. Wote wawili waliugua homa hiyo, na Dutton alikufa huko Kasongo, Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30.

Iko na habari ya unyoya, nayo inanifurahisha kila mara. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja aliyejifunza habari za ndege, James Chapin, aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji huko Avakubi, Ituri. Hakujua ni wa ndege gani. Akautunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, nao wameandikiwa kimakosa kuwa ni tausi wachanga wa India. Unyoya wake ulikuwa wa ndege hao. Hivyo ndivyo wataalamu walivyomjua tausi wa Kongo, baada ya miaka 23. Watu wa msituni walikuwa wakimjua siku zote hizo! Kwa hiyo mjukuu akikuletea unyoya, au ganda la konokono, au jani lenye matundu, usimwambie, "Tupa uchafu huo." Mwulize ameuokota wapi.

Chupa ya siku kumi

Sasa turudi kwa mbu wetu. Twaa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, au chupa ya plastiki inayopitisha nuru, uikate juu. Siku mbili tatu baada ya mvua nendeni nyuma ya nyumba. Tazameni ndani ya kopo lililotupwa, ndani ya tairi la zamani, ndani ya pipa. Mtaona vidudu vyembamba vinavyojikunja na kujikunjua majini. Hao ni viluwiluwi wa mbu. Wachoteni kwa kikombe pamoja na maji yao, mkawatie ndani ya chupa. Funika mdomo kwa kipande cha chandarua kuukuu, ukikaze kwa kamba. Kaza vizuri, la sivyo utakuwa mfugaji wa mbu katika nyumba yako mwenyewe. Weka chupa kivulini. Wape chakula kidogo sana, makombo machache tu ya kwanga, maana makombo mengi yataozesha maji.

Kila asubuhi mtoto apige mstari mmoja wa mkaa ukutani, ili msikose hesabu ya siku. Kisha tazameni kwa utulivu. Gonga chupa kidogo kwa kidole. Wote watazama chini. Ngojeni. Mmoja mmoja watapanda tena juu. Mwulize mtoto, "Kwa nini wanarudi juu?" Usimpe jibu upesi. Mwache akisie, hata akikosa. Kiluwiluwi anakaa majini kama samaki, lakini anavuta hewa kama sisi, kwa hiyo lazima aje juu. Mkitaka kuhakikisha, tieni viluwiluwi wachache katika kikombe kingine, mdondoshe tone la mafuta ya kula. Mafuta yatatanda juu ya maji, hewa haitapita, na baada ya saa chache watakuwa wamekufa.

Baada ya siku chache wale wa chupani watabadilika umbo. Mbele wamekuwa wanene, mkia umejikunja, wanafanana na alama ya mkato katika kitabu. Sasa hawali tena. Hapo kaeni macho, maana siku moja au mbili baadaye ngozi ya mgongoni itapasuka, na mbu atatoka polepole. Atasimama juu ya ngozi yake ya zamani, kama mtu katika mtumbwi, akingoja mabawa yakauke. Mtoto aliyeona jambo hilo hata mara moja hahitaji kuambiwa tena na mtu yeyote mbu wanatoka wapi. Katika joto letu, tangu yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14 hivi. Hesabuni mistari ya mkaa.

Hapa niseme jambo ambalo sisi wa hospitali tumelifundisha kwa haraka mno. Mara nyingi tumesema, "Tupa makopo, maana yanazaa malaria." Ni vizuri kuyatupa, lakini kopo lile mara nyingi halimlei mbu wa malaria. Linamlea mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, naye anaweza kuleta homa ya manjano na homa nyingine. Mbu wa malaria hupenda zaidi vidimbwi vilivyo wazi na kupigwa na jua, kama njia ya magurudumu iliyojaa maji, shimo la wafyatua matofali, au ukingo wa bwawa la samaki wenye majani. Basi fanyeni chupa ya pili, mkachote kutoka kidimbwi cha njiani. Linganisheni. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sawasawa chini ya uso wa maji, kama gogo linaloelea. Wale wengine huning'inia, kichwa chini na mkia juu. Hata wakiisha kuwa mbu utawatambua. Mbu wa malaria akitua ukutani huinua mkia juu, kama msumari uliopigwa upande. Na ukiona mbu mwenye ndevu nyingi kama unyoya kichwani, huyo ni dume. Dume haumi mtu. Anayeuma ni jike, kwa sababu anataka damu ya kukuza mayai yake.

Mkiwa na bwawa la samaki, tieni samaki mdogo katika chupa yenye viluwiluwi ishirini. Mtoto ahesabu wamebaki wangapi jioni.

Mbu wakiisha kuruka ndani ya chupa, msifungue! Tikisa chupa kwa nguvu mpaka walowe wote, kisha mwaga kila kitu juu ya mchanga mkavu penye jua.

Na lile swali lako la kwenye benchi? Wewe mzee umeugua malaria mara nyingi, na mwili wako umejifunza kupigana nayo kwa kiasi fulani. Haukujifunza bure. Kumbuka ndugu zako wadogo ambao hawakuvuka umri wa kunyonya. Mjukuu wako hajapata nguvu hiyo bado, na hata leo malaria inaua watoto wengi wa Kongo walio chini ya miaka mitano. Na wale wanaolala ndani ya chandarua na bado wanaugua? Tundikeni chandarua chenu mchana. Mtoto aingie ndani, atazame juu kuelekea mwangaza wa dirisha, akuonyeshe kila tundu. Macho yake ni makali kuliko yako, na mkono wako unajua sindano kuliko wake. Tena mwangalie usiku mtoto analala saa ngapi. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, na kama mtoto anacheza nje mpaka usiku mwingi, chandarua kinamngoja bure.

Chupa hii ni ya kujifunza tu, haiponyi homa. Mtoto akiwa moto, mlete siku ileile. Akitetemeka mwili wote na kukaza meno, akilegea asiweze kunyonya wala kuketi, usingoje asubuhi.

Kopo la mvua

Hili ni jepesi. Twaa kopo la maziwa lenye kuta zilizonyoka, liweke mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Mvua ikiisha, mtoto atie rula ya shule ndani, asome milimita ngapi, aandike, kisha amwage. Kwa mwaka mzima Kisangani hupata mvua ya milimita 1,700 hivi, yaani maji yangefika juu ya kichwa cha watu wengi kama yasingetiririka. Kule Yangambi, kama kilomita 100 kwa kufuata mto, kuna kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933. Kazi ya kupima mvua huko ilianza kwa mambo madogo kama hayo, chombo na mtu asiyesahau.

Mkiisha kuandika mvua, tazameni kidimbwi kimoja kila siku. Kilikauka baada ya siku ngapi? Viluwiluwi walionekana siku ya ngapi? Kidimbwi kinachokauka baada ya siku nne hakikuzi mbu hata mmoja, maana hawakuwahi. Kile kinachokaa wiki mbili ndicho cha kufukia kwa udongo. Hivyo mtajua jembe lipige wapi, msichoke bure kwa kufukia kila shimo la mtaa.

Maji safi kwa macho

Chemsha maji, yapoe. Tia katika vikombe viwili. Katika kimoja koroga kijiko cha chumvi mpaka iyeyuke yote, mtoto asione. Kisha mwite. "Vikombe hivi vinafanana?" Atasema vinafanana. "Onja." Atakunja uso! Mwambie sasa: jicho lako lilisema maji haya hayana kitu, lakini ulimi umekataa. Vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu ni kama chumvi ile, havionekani. Tofauti ni kwamba hata ulimi hauvitambui. Na kipindupindu kimefika katika mji wetu zaidi ya mara moja, kwa njia ya mto na ya mashua zinazopanda na kushuka.

Baada ya hapo chukueni chupa tatu za plastiki nyeupe, moja ya maji ya mto, moja ya kisima, moja ya mvua. Ziacheni usiku kucha. Asubuhi tazameni tope lililoshuka chini. Maji ya juu mimina polepole katika chupa nyingine bila kutikisa. Sasa simamisha chupa juu ya ukurasa huu unaousoma, utazame kutoka juu, kupitia maji yote. Kama huwezi kusoma kichwa cha habari, maji yana tope mno, yachujwe tena kwa kitambaa safi. Kama unaweza kukisoma, maji hayo jua linaweza kuyatibu. Jaza chupa inayopitisha nuru vizuri, isiyozidi lita mbili, ifunge, uilaze juu ya bati tangu asubuhi. Kwa jua kali saa sita zinatosha kuua vijidudu vingi. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Siku ya mvua jua halifai kitu, chemsha. Nasi tulio na kuni au mkaa tuchemshe kila mara, ndiyo njia ya hakika zaidi. Maji yatokote kabisa kwa dakika moja nzima.

Mtoto atauliza, "Jua kali ni lipi?" Simika fimbo iliyonyoka katika uwanja. Kivuli kikiwa kirefu kuliko fimbo, jua bado dhaifu. Kikiwa kifupi, jua lina nguvu. Na kwa kuwa Kisangani iko karibu kabisa na mstari unaogawanya dunia katikati, mtaona jambo ambalo watu wa Ulaya hawalioni kamwe kwao. Mwezi wa sita, kivuli cha mchana huelekea kusini. Mwezi wa kumi na mbili huelekea kaskazini. Na siku chache za mwezi wa tatu na wa tisa, karibu na tarehe 22, kivuli hujificha chini ya fimbo kana kwamba hakipo. Msikimbilie saa sita kamili, maana saa zetu ziko mbele ya jua kidogo. Ngojeni kama robo saa au zaidi.

Mkono wenye mkaa

Nyanya, hili ni lako, maana litachafua. Ponda mkaa uwe unga, uchanganye na mafuta kidogo ya mawese, umpake mtoto mmoja kiganjani. Asalimiane kwa mkono na wenzake, nao wasalimiane na wengine. Baada ya dakika chache kila mtu aonyeshe viganja, mashavu na nguo. Mtacheka. Halafu nusu ya watoto wanawe kwa maji peke yake, nusu kwa maji na sabuni, wakisugua na katikati ya vidole. Msiwasaidie. Maji peke yake yanateleza juu ya mafuta. Sabuni inayashika na kuyaondoa. Wasimulie jinsi mama yako alivyotengeneza sabuni kwa majivu na mawese; lakini maji ya majivu makali yanaunguza macho, hivyo simulizi inatosha. Uchafu wa chooni husafiri kama mkaa ule, ila hauna rangi.

Tundu la sindano

La mwisho ni kwa ajili yako mwenyewe, mzee. Twaa karatasi ngumu, uitoboe kwa sindano tundu moja dogo. Tundika kalenda ukutani, rudi nyuma hatua sita. Mtoto afunike jicho lako moja kwa kiganja, bila kulibonyeza. Soma namba anazozionyesha kwa kijiti. Kisha weka karatasi karibu na jicho lile lililo wazi, usome tena kupitia tundu. Fanya vivyo hivyo kwa jicho la pili.

Je, kupitia tundu umeona vizuri zaidi? Basi labda tatizo lako ni la namna jicho linavyopinda nuru, na miwani inaweza kukusaidia. Tundu dogo hupitisha nuru chache tu zinazokwenda moja kwa moja, ndiyo sababu picha inakuwa wazi. Lakini kama tundu halikusaidia, huenda kuna ugonjwa ndani ya jicho lenyewe. Mtoto akutazame katikati ya jicho, palipo peusi. Kama pamekuwa na weupe, inaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo hutolewa kwa upasuaji. Wazee wengi wanakaa gizani miaka wakidhani ni uzee tu.

Uko pia upofu wa mto. Unaletwa na usubi, inzi mdogo mweusi mwenye nundu. Yeye ni kinyume cha mbu. Viluwiluwi wa mbu wanataka maji yaliyotulia. Watoto wa usubi hushikamana na mawe na majani penye maji yaendayo kasi, kama vile kwenye maporomoko yetu ya Wagenia na ya Tshopo. Usubi akimuma mtu hutia ndani yake minyoo midogo, nayo huleta kuwasha, uvimbe mgumu chini ya ngozi, madoa miguuni, na baada ya miaka mingi hufika machoni. Mnyoo mkubwa huweza kuishi mwilini miaka zaidi ya kumi. Dawa iitwayo Mectizan, ambayo kampuni ya Merck inaitoa bure tangu mwaka 1987, inaua watoto wa mnyoo lakini haimuui mama yao, kwa hiyo hunywewa tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Usiinunue sokoni na kujinywesha. Katika misitu yetu kuna mnyoo mwingine, ule unaopita mara nyingine juu ya jicho, na mwenye mnyoo huo kwa wingi anaweza kudhurika vibaya na dawa hiyo. Ipokee kwa wagawaji wa afya, uwaambie kama umewahi kumwona mnyoo wa jicho.

Mkienda kutazama maporomoko, shika mkono wa mtoto wakati wote. Mawe yale yanateleza.

Ukiisha kupimwa wewe, badilishaneni. Mtoto asimame kwenye hatua sita, wewe ushike kijiti. Wako watoto wanaoitwa wavivu shuleni, wanaopigwa kwa sababu hawanakili vizuri, kumbe hawauoni ubao. Kama mjukuu wako anakosa namba, na kupitia tundu anazisoma, mlete. Njooni na ile karatasi yenu yenye tundu, na daftari la mvua pia, tulione.